Chui Alisikia Ndoo

Jumapili, 25 Desemba

Miguu inauma na nina furaha. Naandika upesi kabla Mama hajaniita kumenya njegere.

Leo bustani ya wanyama, kama kila msimu wa baridi. Watu kama siafu! Kolkata nzima imekuja na machungwa yake. Tulitandika shuka palepale pa kila mwaka, karibu na choo, kwa sababu ya Bibi. Bibi kajifunga kofia ya sufu yamebaki macho tu, utadhani anapanda mlima wa barafu.

Baba mdogo Nirupam alikuja na lenzi yake mpya ya kuvuta mbali. Ndefu kuliko mkono wa Tultul, binti yake. Ndiyo aliyokwenda nayo Sundarban mwezi uliopita. Siku tatu ndani ya boti katika mikoko, akarudi na picha za tope na mamba mmoja aliyelala. Mama mdogo hajachoka kumcheka: "Mume wangu kaona nyayo za chui milia. Nyayo! Hata mimi nikikanyaga tope naacha nyayo." Tulicheka wote. Yeye pia alicheka, ila masikio yake yalikuwa mekundu.

Baada ya kula akataka kulala. Akanitupia mkanda wa kamera shingoni. "Haya, Profesa. Vitabu havipo, shika hii." Halafu akanifundisha, na alinifundisha vizuri, lazima niandike: sogea karibu na waya uwezavyo, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, subiri mnyama awe mbali na waya. "Usiutazame waya. Ukiacha kuutazama, unapotea."

Nilisimama dakika arobaini mbele ya chui milia jike. Namjua tangu nina miaka sita. Shavu la kushoto ana milia kama ngazi iliyokosa kipago kimoja. Nina daftari lake. Alizaliwa humuhumu, nyuma ya banda la viboko, imeandikwa kwenye kibao. Mto hajawahi kuuona.

Alikuwa amelala tu. Watoto walikuwa wakimrushia maganda ya machungwa, wakitaka angurume. Nilitaka kuwapiga! Kisha mlishaji akapita nyuma na ndoo ya nyama, mpini ukagonga bati — chui akainua kichwa. Nikabonyeza.

Waya hakuna! Umeyeyuka. Ni yeye tu, na jua la saa tisa, na macho yale. Kona ya chini kulia kuna karai la saruji la maji na ganda la chungwa. Sijali. Nimeinakili kwenye kompyuta ya Baba. Nimeitazama mara thelathini.


Jumatano, 4 Januari

Baba mdogo amepanda huku juu kwetu, kaiona ile picha. Halafu: "Profesa, hii inafaa maonyesho ya klabu ya mtaa." Amesema ataisafisha kubwa, na fremu.

Picha yangu ukutani! Nimeshindwa kula. Mama kadhani nina homa.


Jumamosi, 14 Januari

Nina hasira. Mwandiko utakuwa mbaya, na uwe.

Leo ni siku ya mikate ya mchele, nyumba nzima inanuka nazi na sukari guru. Mama akanituma nipeleke sahani chini kwa Baba mdogo. Fremu ilikuwa imeegemea kabati. Chui wangu. Amekatwa! Karai halipo, ganda halipo. Chini yake kuna kibao cha dhahabu bandia:

MALKIA WA MIKOKO. SUNDARBAN. PICHA: NIRUPAM GHOSHAL.

Nilisoma mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

Nikasema — mimi, nikasema kwa sauti! — "Baba mdogo, huyu ni wa bustani. Na nilipiga mimi."

Hakuona haya. Alichukua mkate, akaung'ata, akaniuliza kamera ya nani. Lenzi ya nani. Nani alinifundisha. "Wewe ulibonyeza. Hata Tultul angebonyeza."

Hata Tultul! Tultul, ambaye wakati ule alikuwa analia anataka puto! Dakika arobaini nimesimama na kibofu kimejaa!

Pengine uso wangu ulimtisha, maana akalainika. Akaniketisha. Akasema watu wa klabu wamemfanya mzaha tangu Novemba. Wakimwona sokoni wanamuuliza bei ya nyayo. Akasema: "Picha moja, Jhimli. Wewe una umri wa kupiga elfu." Kisha akaenda kabatini, akaleta lenzi ndani ya mfuko wake mweusi, akaniwekea mapajani. Akasema siku ya ibada ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, ataiweka miguuni pa mungu, na kesho yake asubuhi, vitu vikishanyanyuliwa, itakuwa yangu. Kabisa. Mbele ya watu wote. "Ila uwe mtoto mzuri mpaka siku hiyo."

Ilikuwa nzito. Bado nausikia uzito wake mapajani. Naichukia. Naitaka. Najichukia kwa kuitaka.


Jumapili, 15 Januari

Nimemwambia Baba. Alikuwa anasahihisha kurasa za kitabu cha jiografia cha shule, kalamu nyekundu mkononi. Mtu huyu hawezi kulala ikiwa mto umechorwa upande usio wake! Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akasema tangu utotoni mdogo wake hajawahi kuwa wa kwanza katika lolote, kandanda, mitihani, hata foleni ya maziwa. "Mwache ashinde hili, mwanangu. Wewe mtihani wako ni mwezi ujao, soma."

Mama: "Ndugu hawagombani kwa sababu ya paka."

Paka!

Mama mdogo anajua pia. Aliniambia ngazini, huku akinipanga nywele kama mtoto, kwamba mumewe sasa anapiga mluzi akinyoa ndevu, miaka mingi hajapiga mluzi. Kwa hiyo wote wanajua. Wote wamesogea karibu na waya, wakaacha kuutazama.


Jumapili, 22 Januari

Nitaandika kila kitu hata kama ni aibu. Hasa kwa sababu ni aibu.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa klabu, juu ya duka la dawa. Picha arobaini hivi: machweo, mashua, vikongwe wenye mikunjo, paka kwenye madirisha. Na chui wangu katikati, amewekewa taa yake peke yake.

Jaji ni Mzee Bagchi, amestaafu idara ya misitu, anatembea na mkongojo na kila mtu humpisha. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nikafikiri, huyu atajua! Huyu ameishi na chui! Atauona ule unene wa mnyama anayeletewa chakula!

Akawageukia watu. "Tazameni macho haya," akasema. "Haya ni macho ya mwindaji. Ameona kulungu ng'ambo ya mto."

Alisikia ndoo! ALISIKIA NDOO!

Niliuma ulimi, kweli nilihisi chumvi.

Nafasi ya kwanza. Makofi. Fundi cherehani wa kona, yule aliyekuwa akiuliza bei ya nyayo, kamkumbatia. Baba mdogo akasimulia jinsi boti ilivyozimwa injini, jinsi alivyosikia harufu ya chui kwanza, jinsi maji yalivyonyamaza. Anasimulia vizuri! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, nusura nami niione boti. Mzee Bagchi akauliza ni mkondo gani, upande wa kisiwa gani. Baba mdogo akababaika kidogo tu. Macho yake yakazunguka ukumbini, yakanipata nyuma ya nguzo.

"Mwulizeni binti yangu huyu! Aliniona niliporudi. Nilitetemeka au sikutetemeka, Profesa? Wiki nzima, sivyo?"

Watu wote wakageuka. Mzee Bagchi pia, na mkongojo wake. Baba akatazama viatu vyake.

Nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia!! Hakuna aliyenilazimisha. Shingo ilikwenda yenyewe, chini, juu, chini. Mara tatu. Watu wakacheka kwa upendo, mmoja akasema, "Katoto haka kana haya."


Jumatatu, 23 Januari

Shingo yangu. Shingo yangu mwenyewe!


Jumatano, 25 Januari

Sijaongea na mtu siku tatu na hakuna aliyegundua. Ndiyo faida ya kuwa mimi.

Leo nilitoka shule nikapitia kwa msafishaji picha aliye karibu na kituo cha tramu. Nilimpa ile picha ya kompyuta ya Baba, nzima, isiyokatwa. Nikamwambia kubwa kuliko zote alizonazo. Akaitazama: "Ah, bibi yule wa bustani ya wanyama! Mwanangu humrushia karanga." Kamjua mara moja! Mtu wa kwanza! Nusura nilie mbele ya mashine yake.

Karai limetoka safi kabisa. Na ganda. Na kona ya juu, jua lilipopiga, waya haukupotea wote, unaonekana kama magamba ya samaki. Nyuma nimeandika jina langu kamili, tarehe, saa, na kwamba mlishaji alipita na ndoo.

Kesho ni Saraswati. Sanamu imeshaletwa chumba cha chini, nyeupe, na zeze lake. Baba mdogo amealika klabu nzima kula mseto, na Mzee Bagchi ndiye mgeni wa heshima. Ataweka picha na lenzi miguuni pa mungu. Sisi wanafunzi tutaweka vitabu na kalamu. Na kitu kikishawekwa pale hakiguswi. Haijalishi ni cha nani. Si cha baba, si cha babu, hata kuhani haondoi, mpaka kesho yake asubuhi. Mwaka juzi Baba aliweka miwani kwa bahati mbaya akashinda kipofu kutwa.

Hakiguswi.

Nikiweka, lenzi sipati. Najua. Nimeifikiria usiku huu kama mtu anavyofikiria jino linalouma. Lenzi ile ingenifikisha kwa ndege wote wa bwawa la reli, kwa bundi wa kanisani, kwa kila kitu ninachokiona kidogo kwa sababu naogopa kusogea.

Sijaamua.


Alhamisi, 26 Januari

Leo hatushiki kitabu wala kalamu. Kalamu zangu zote ziko miguuni pa mungu, hata ile ya Mama ya kuandikia orodha ya sokoni. Kwa hiyo naandika kwa wanja wa Mama. Unapaka kila mahali. Daftari hili sikuliweka pale. Hili si elimu, ni hasira.

Niko kwenye kipago cha juu cha ngazi, naona chumba cha chini chote kupitia nguzo za ukingo. Wote wamevaa njano. Sauti ya vyombo, harufu ya mseto na samli.

Nimeiweka.

Niliiweka asubuhi wakati wa maua. Kila mtoto alipotupa maua yake, mimi nikaingiza mkono chini ya kitabu cha fizikia, nikaitoa, nikaiegemeza kando ya fremu yake. Zinalingana urefu. Chui wawili, shavu moja, ngazi moja iliyokosa kipago. Mmoja ana mikoko. Mmoja ana karai.

Saa nzima hakuna aliyeona! Watu hutazama mungu, hutazama chakula. Kisha Tultul: "Baba, mbona umeleta na ya bustani?"

Baba mdogo akaja. Akasimama. Naona mgongo wake tu, kanzu ya njano iliyopigwa pasi na mama mdogo. Akanyoosha mkono, na kuhani, mdomo umejaa tambuu, akapiga kelele kama aliyekanyaga nyoka: "Usiguse! Mpaka kesho!" Watu wakacheka. Mkono ukarudi.

Sasa Mzee Bagchi ameinuka na mkongojo wake. Hacheki. Ameinama karibu sana, anatazama karai, anatazama fremu, anatazama karai. Sahani yake ya mseto inainama, mchuzi unamdondokea kiatuni, hajui.

Baba mdogo anakunja pindo la kanzu, anakunjua, anakunja. Nilitaka apige kelele. Nilikuwa na majibu yote! Masikio ni mekundu kama siku ile ya machungwa. Sikutaka kuyaona masikio.

Lenzi iko palepale. Mtu ameiwekea ua la njano juu.

Bibi amefika, kamshika Baba mkono. Haoni vizuri, anabandika pua karibu na picha. Anasema kwa sauti ya kiziwi kwamba huyu ndiye mzuri, huyu mwenye karai, yule mwingine kakatwa miguu. Anauliza kapiga nani.

Kuhani anatafuna tambuu yake.

Bibi anauliza tena. Baba amevua miwani. Anatazama juu, huku ngazini, ananiona, na safari hii hatazami viatu vyake. Hanisaidii pia.

Kutikisa shingo hakutafaa. Bibi haoni mpaka huku.

Anauliza mara ya tatu. Wanja unakatika, nasimama, nitamjibu kwa sauti: nimepiga mi—