Kuni Iliyooza Imeng'aa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia huko Mbozi mvua zimewahi. Goti lako linasemaje na baridi hiyo? Mimi huku Ufini ni mzima, ila midomo imepasuka na ugali nauota.

Baba, keti kwanza. Ile kuni imeng'aa!

Unakumbuka nilipokata kipande cha nguzo iliyooza kwenye kichanja cha kuanikia kahawa? Ulicheka mpaka ukashika mbavu: "Wenzio wanapeleka kahawa Ulaya, huyu wangu anabeba kuni iliyooza!" Kuvu iliyokuwa ndani yake ndiyo niliyoikuza kwenye chupa zangu zote. Haina meno, lakini inakula mti. Mimi nilisema inatoa oksijeni ya aina kali sana, inaitwa radikali, inayoupasua mti kwanza ndipo kuvu iule. Shida ni kwamba radikali haionekani, na inapotea kufumba na kufumbua. Kwa hiyo tunatia dawa kwenye chupa. Radikali ikiigusa, dawa inang'aa kijani ukiimulika kwa taa ya bluu.

Basi ikang'aa, nikarukaruka. Kumbe na chupa zisizo na kuvu, zile za kulinganishia, nazo zimeng'aa! Profesa wangu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, akasema, "Zikirudia hivi, tutafute mada nyingine." Nililia chooni, Baba. Sikufichi.

Unajua nini kilikuwa kinaharibu? Mkono wangu. Dawa ile haitaki mwanga, ukiipiga muda mrefu inageuka ya kung'aa hata bila radikali, na mimi kila nikipita nafungua kabati la chupa nichungulie. Ni vilevile nilivyokuwa nafunua ulezi ambao mama ameuvundika kwa ajili ya togwa, naye ananifokea, "We Neema, mkono wako huo! Acha uote!" Safari hii nikachukua kile kitenge cheusi alichoninunulia Tunduma, nikalifunika kabati zima, nikakaza fundo kama analokaza yeye kwenye mdomo wa chungu, nikaondoka. Wenzangu walicheka. Nikawaambia ndivyo kwetu tunavyovundika.

Leo tumefungua pamoja, taa za chumba zimezimwa, tukamulika kwa ile ya bluu. Chupa zisizo na kuvu, giza. Zile tulizozipika kwanza ili kuvu ife, giza. Chupa za kuvu ya kwetu iliyo hai, Baba, kijani tupu! Profesa akanishika bega, akasema nitasimama mimi mwenyewe kuieleza kazi hii mbele ya wataalamu. Na kwenye kila chupa pameandikwa Mbozi.

Nisalimie mama, mwambie kitenge hakijachafuka. Nisalimie kaka Ezekia na mkewe, na shangazi yule anayeuza maharage Mlowo, aliyenifungia karanga za njiani.

Halafu, Baba, najua wakikuuliza kanisani mwanao anasomea nini, unajibu "mambo ya sayansi" harakaharaka, unageuza mazungumzo. Jumapili hii usigeuze. Waambie anasomea kuoza.

Ni mimi binti yako,
Neema