Jeti Namba Mia

Jumanne, 4 Juni
Damu tena kwenye kikohozi. Daktari ameniambia nihesabu wiki, si miezi.
Mwana wa marehemu kaka yangu ameitoa stoo pikipiki ya baba yake. Miaka thelathini na moja imelala humo! Amenunua silinda na pistoni mpya. Kabureta ni ileile. Jumapili anaingia nayo mashindanoni. "Baba mdogo, usithubutu kufa kabla sijashinda." Nilicheka, kifua kikanikata.

Alhamisi, 6 Juni
Amesafisha kabureta hapa kitandani kwangu. Akaniinulia jeti – kimsumari cha shaba chenye tundu, ndicho kinachopima petroli ya injini. "Namba mia. Mzee aliichagua mwenyewe, siigusi."
Hakuichagua yeye. Niliichagua mimi.
Kaka alikuwa akitumia 140, yenye tundu kubwa zaidi. Plagi ilitoka nyeusi tii: petroli nyingi mno. Nikamwambia hivyo mbele ya mafundi wenzake. Akanipiga spana mdomoni. Meno mawili yalibaki sakafuni. "Kawafundishe walimu wako," akasema, nao wakacheka.
Siku ya mashindano nilifika mapema, nikafungua kabureta yake. 120 ingetosha, na haki ingekuwa yangu. Niliweka 100. Tena asubuhi ilikuwa ya baridi, na hewa ya baridi hudai petroli zaidi. Nililijua hilo kama jina la mama. Injini yenye njaa hulia vizuri mwanzoni, kisha hujichoma. Mzunguko wa tatu pistoni iliyeyuka, ikanata, gurudumu la nyuma likagoma. Ukuta ulimpokea kwa uso. Niliokota kofia yake. Haikuwa tupu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwambia aweke 120. Kwa nini? Baridi, nikasema. Akadai mzee aliongoza mizunguko miwili kwa mia hiihii, na kwamba wagonjwa hawakosi la kusema. Kichwa kigumu kama cha babake. Akanifunika blanketi, akaondoka.
Nikamwacha aende. Sasa nitaua wawili.

Jumapili, 9 Juni
Baridi ileile. Nikasikia anaiwasha uani – inalia vizuri! Nikajiburuta, nikaanguka kizingitini, nikaita mpaka sauti ikapasuka. Akaja mbio. Nimemwambia. Yote, hadi namba.
Akaenda kuizima injini. Aliporudi alinipiga kofi, mdomo ukajaa damu. Kisha akaninyanyua kama mtoto, akaniketisha kitini, akanifuta kidevu polepole. Huo upole ndio ulionitisha.
Amefunga mlango kwa ndani. Ameketi mkabala nami.
Nimemuuliza kama haendi mashindanoni.
"Andika kwanza, baba mdogo. Kwa mkono wako. Kisha utie sahihi."
Na baada ya sahihi?
Anakunja mikono ya shati lake, mmoja, sasa wa pili