Evarist Luhende, Evarist Malale

Mwaka mzima umekatika, Evarist, tangu malaria ikupande kichwani na kukuchukua, Agosti ile ya 1996, ukiwa umekuja likizo tu kwetu Makanyagio. Mimi dada yako Minza ndiye niliyepewa kazi ya kuandika kwa niaba ya ukoo, maana wengine wakishika kalamu wanalia. Na mimi nalia, ila nimezoea kukusema huku nalia.

Nyumba imepoa, mdogo wangu. Hakuna wa kutuuliza maswali. Wewe hukuja nyumbani bila mtihani, jamani! Unamwonyesha mtoto kusuka kamba, unamwambia akamfundishe mdogo wake, halafu baada ya wiki unarudi kuangalia nani bado anakumbuka. Watu wa kijiji cha Litapunga, ulikofanya mtihani huohuo, walidhani umerogwa: msomi mzima wa chuo kikuu, amekaa chini na watoto anasuka kamba. Ulipoona kwamba mtoto aliyemfundisha mwenzake ndiye anayekumbuka zaidi, ulicheka peke yako mpaka mama akauliza kama umeokota pesa.

Hayo ndiyo uliyoyaandika kwenye majarida ya wasomi. Wenzako wa nchi za mbali wakayasoma, wakakutaja katika maandishi yao. Ulitueleza kwamba kwenu chuoni kazi ya mtu hupimwa hivyo, kwa kuangalia ametajwa na wangapi. Nikakuambia basi huo ni umbea wa wasomi. Ukasema sijakosea sana.

Lakini hapo kwenye kutajwa ndipo palipokuponza. Baba alipokuwa anahamahama na ng'ombe, mjomba Luhende alikuchukua, akakuandikisha shule kama mwanawe, kwa jina lake. Ndivyo watu wetu walivyofanya, wala hakuna aliyeona kosa. Ukasoma mpaka mwisho ukiwa Evarist Luhende, na makala zako zote za mwanzo zikatoka kwa jina hilo. Mpaka siku moja baba akakuomba umsomee jina lililoandikwa pale juu. Ukamsomea. Akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ulimwonea huruma. Ukaenda mahakamani ukala kiapo, ukawa Evarist Malale, na makala zilizofuata zikabeba jina la baba. Loo, furaha ya mzee! Hajui kusoma hata herufi, lakini jarida lile alilibeba mpaka mnadani kule Mamba, akawaonyesha wafugaji wenzake kwa kidole: "Mnaona? Huyu hapa ni mimi."

Basi ulipoomba uprofesa, kamati ikakuta huyo Malale ana makala chache na waliomtaja ni wachache. Watu walikuwa wanamtaja Luhende. Ulieleza kwamba wote wawili ni wewe, wakasema taratibu zao hazihesabu mtu kwa majina mawili. Wakakushauri urudie jina la zamani, kazi zako zote zihesabiwe pamoja. Wifi Cecilia alikusihi, akagombana nawe, akalia. Ukamjibu, "Mama Glory, mzee ameshawaonyesha watu wote. Nikamwambie nini sasa?" Ukauacha uprofesa ukupite. Mimi nilikuita mjinga, na ukacheka.

Kifo kilikukuta hivyo hivyo, bila cheo ulichokitolea jasho miaka yote. Inatuuma, Evarist. Inatuuma kwa sababu ulistahili, na kwa sababu hukuwahi kulalamika hata kidogo.

Baba hakuwa anajua lolote. Alijulia msibani, mwenzako wa chuoni, Osward, aliposimama kusoma wasifu wako na kueleza yote mbele ya watu. Maskini baba, aliinamisha kichwa mpaka tukamshika tukidhani anaanguka. Tangu siku ile hakulizungumzia tena, na sisi tukaogopa kumuuliza.

Jumamosi hii, baada ya misa, tunajengea kaburi lako. Fundi alipokuja kuuliza aandike jina gani kwenye saruji, sote tulijibu kwa pamoja: Malale. Ndilo ulilolichagua, na tulitaka mzee afarijike. Baba akanyanyuka kwenye kigoda chake.

"Andika Luhende kwanza," akamwambia fundi. "Langu lifuate. Wanaomtafuta mtoto wangu wampate wote, asibaki nusu."

Unakumbukwa na baba yako mzee Malale, mama yako Nyanzala, mkeo Cecilia, wanao Glory na Richard, mimi dada yako Minza, na watoto wote wa marehemu mjomba, ambao ni ndugu zako wa damu.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Evarist Luhende Malale.