Kibanda cha Sakramenti Mbele ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 11 Juni 2001
Nimekata mianzi tena. Mgongo umekataa kunyooka. Shirika letu la kanisa limeamua kwamba Jumapili, siku ya Sakramenti, maandamano yatasimama mbele ya nyumba yetu. Fundi ni mimi, kiwanja ni changu, kazi ya nani mwingine? Nilitaka kukataa. Sikupata nguvu ya kukataa.

Jumanne, 12 Juni
Tumechimba mashimo ya nguzo, wazee peke yetu. Vijana wa hapa Vulamba wamejificha, wanajeshi wanatafuta watu wa kubeba mizigo.

Masika, mke wangu, yuko shambani kwa dada yake. Afadhali. Hatuongei tena, ila habari za chumvi na kuni. Mtoto wetu Kambale alipanda lori la maharagwe kwenda Kanyabayonga kabla ya Pasaka. Hajarudi. Lori pia halijarudi. Wanasema lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Masika anataka tukae matanga. Nimekataa. Matanga bila mwili ni kumzika mtu akiwa hai. Nimemwambia hivyo mara nyingi, mpaka mwenyewe nimechoka kujisikiliza.

Alhamisi, 14 Juni
Kibanda kimesimama. Parokia imetuazima bâche ya plastiki kwa ajili ya paa. Wanawake wa shirika wameleta vikwembe vyao vizuri, vitenge vile vya arusi, tumevifunga kuwa kuta. Matawi na maua Jumamosi, yasinyauke.

Nyumba nzuri kuliko zote nilizojenga tangu vita. Padri ataiweka Sakramenti mezani, tutapiga magoti, tutaimba, kisha nitabomoa. Haitalala hata usiku mmoja na Mgeni wake. Sijui kwa nini hilo limenipa uchungu.

Jumamosi, 16 Juni
Siku mbaya.

Masika amerudi kutoka shambani. Kutoka kule kwenye kona aliona bâche mbele ya nyumba yake, mabenchi yamepangwa, wanawake wanafagia. Hapa kwetu, miaka hii, bâche mbele ya nyumba ni kilio tu. Akatupa kikapu cha mihogo. Akavua kitambaa cha kichwa, akaanguka barabarani.

“Kambale yangu! Juu ya nini hamukuniita?”

Wanawake wakaanza kulia naye. Hata wale waliofunga vikwembe kwa mikono yao! Nilipiga kelele: ni ya Sakramenti, wajinga ninyi, ni ya kesho! Hakuna aliyenisikia. Majirani wakaja mbio, wakilia tangu njiani.

Mjinga ni mimi. Sikumtumia habari.

Baadaye alielewa. Hakuinuka. Akaniambia polepole, akiniita kwa jina la mtoto: “Nimesikia, Papa Kambale. Lakini nimekwisha kumulilia. Hapana kunikataza tena.”

Jumapili, 17 Juni
Maandamano yamefika. Uvumba, nyimbo, watoto wakitupa maua. Masika alipiga magoti mbele kabisa, kichwa wazi, kama mfiwa. Padri alimwona. Akaongeza sala kwa ajili ya walio njiani. Mimi nilijaribu kusali, nikapata uchovu tu.

Walipoondoka nilichukua nyundo.

“Hapana bomoa,” Masika akasema. Akakaa kwenye benchi. Mama mmoja akarudi, akakaa karibu naye. Kisha mwingine. Mpaka jioni mabenchi yalijaa, wanaume upande wao.

Nina hasira. Wamegeuza altare kuwa kilio, na hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 18 Juni
Bado wamekaa. Wameleta unga, maharagwe, rundo la kuni. Nimeshinda karakanani nikilainisha ubao ambao hakuna aliyeuagiza. Kupitia dirisha nimemsikia mtu akisema “marehemu Kambale”. Nilitaka kutoka nimpige. Nimeendelea na randa.

Jumatano, 20 Juni
Mvua asubuhi. Bâche imeshika. Maua yamekauka, matawi yananuka.

Kwenye matanga wanaume huota moto, na moto wa kwanza huwashwa na mwenye msiba. Hao wanaume wamekaa tangu Jumapili wamezunguka kuni baridi. Wanatetemeka. Hakuna aliyegusa kiberiti, hakuna aliyenisemesha.

Leo alasiri nimetoka karakanani. Nimepanga kuni, nimewasha. Zilikuwa zimelowa, moshi umetuingia machoni sote.

Masika amesogea kidogo kwenye benchi. Nimekaa.