Uzi Chini ya Ulimi

Mpendwa Mama,

Natangaza rasmi, na wote walio karibu nawe huko uliko wanyamaze wasikie: leo asubuhi, mbele ya mke wangu na jirani aliyekuja kuomba makaa ya moto, mjukuu wako ametoa ulimi nje. Ulipita mdomo wa chini, akaurudisha. Jirani aliona ni utovu wa adabu. Mke wangu alilia. Mimi nimeketi kukuandikia, maana wewe ndiye uliyekwenda kaburini na majibu yote, na hapa Suneka tumebaki na wasemaji tu.

Mtoto alizaliwa na ule uzi, Mama. Kama wangu. Kautando kadogo chini ya ulimi, kameukaza kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Alikuwa akishika titi linamtoka, anashika tena, linamtoka, analia, na mama yake analia. Badala ya kunenepa, mashavu yakaanza kuingia ndani kama ya mzee. Mke wangu Kemunto akaniambia, "Baba wa mtoto, wewe pia ulizaliwa hivi, na sasa unaongea mpaka watu wanachoka. Nenda uulize watu wa kwenu walikufanyia nini, tumfanyie huyu."

Ombi dogo tu. Nikaenda.

Nyanya alinipokea kwa ukucha wa kidole gumba. Alisema alinikata yeye mwenyewe siku niliyozaliwa, wewe ukiwa umelala, na kwamba hukuwahi kujua. "Mama yako angepiga kelele mpaka Kisii mjini," akasema. "Lete mtoto. Ukucha bado uko." Niliutazama. Asubuhi hiyo ulikuwa umemenya ndizi za jikoni, umekuwa mweusi kwa utomvu. Nikasema nitafikiria.

Baba Mdogo akacheka. "Ukucha gani! Wewe nilikubeba mgongoni mimi, mpaka kwa omobari, kule upande wa Kenyenya."

Omobari, Mama! Yule mpasua vichwa! Mtu akipigwa rungu, ndiye anayefungua ngozi na kukwangua mfupa. Nikamuuliza Baba Mdogo ulimi na fuvu vinakutana wapi. Akaniangalia kwa huruma. "Kijana, ulimi unaamrishwa na nini? Si kichwa?" Kisha akanigusa kovu la utosini. "Basi hii ni nini?"

Wewe uliniambia kovu hilo ni la mpera, eti nilianguka. Nakumbuka vizuri ulivyoniambia. Mpera wenyewe siukumbuki. Tangu siku hiyo najikuta nimejishika kichwa hata nikiwa nanunua chumvi.

Kwa hiyo nikajaribu kukukumbuka wewe. Nakumbuka shamba la pareto, miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, mimi nimebeba kikapu, wewe unachuma maua huku ukinifundisha mafungu ya Biblia ya shule ya Sabato. Nikikosea, unarudia. Huinui kichwa, huonyeshi kuchoka. Watoto wa njiani waliniita Ndizi Moto, kwa kuwa niliongea kama mtu aliyetia ndizi ya moto mdomoni. Siku moja nilikuja nikilia, ukaniuliza, "Ulipowatukana, walielewa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ulimi unafanya kazi."

Na nakumbuka asali. Kila jioni ulinipaka tone juu ya mdomo wa juu, ukaniambia, "Ilambe. Mkono usitumie." Mwanzoni sikuifikia hata kidogo, ilinikaukia usoni, nzi wakafaidi. Nilipouliza ni ya nini ulisema, "Lamba, maswali baadaye." Hiyo baadaye haijafika, Mama. Ilikuwa dawa? Ilikuwa mazoezi? Au ulikuwa unabana asali, ukaona tone la mdomoni linamshughulisha mtoto kuliko kijiko kizima? Nimeyapima yote, na yote yanafanana na wewe.

Kisha ikaja Sabato ya kumi na tatu, siku ya watoto kusimama mbele ya kanisa na kusema mafungu ya robo nzima. Nilisema yangu yote. Hayakunyooka, lakini yalitoka, na mzee wa kanisa akaitikia amina kabla sijamaliza. Nyumbani Nyanya alipokea pongezi upande mmoja wa nyumba, Baba Mdogo upande mwingine. Wewe ulinisogezea sahani ukasema, "Kula." Wakati ule nilidhani huna la kusema. Sasa sijui kama ulikuwa unajua kila kitu, au ulikuwa umechanganyikiwa kama mimi na ukaamua kupika.

Juzi Kemunto alichoka kungoja historia ya ukoo. Alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya zahanati, mimi nyuma yake, bado napima. Muuguzi alimwinua mtoto ulimi kwa kidole, akasema, "Huyu tunamkata."

"Kwani wote wanakatwa?" nikauliza.

"Hapana. Kuna wanaonyonya, wanaongea na wanazeeka na uzi wao. Tunaangalia ulimi unashindwa kufanya nini. Huyu wako anashindwa kushiba."

Kemunto alimshika mtoto kichwa. Mimi nilishika ukuta. Mkasi ulilia mara moja tu, damu ikatoka tone, mtoto akapiga yowe, akapewa titi. Halafu kimya. Halafu, Mama, nikamsikia akimeza. Niligeuka mlangoni nikuite, kama vile ulikuwa umekaa pale nje na wanawake wengine. Alikuwepo mzee mmoja anakohoa.

Nilipotulia nilimsimulia muuguzi habari za ukucha, za omobari na za asali, nikamwomba aniambie ipi ndiyo iliyonifungua, nijue nimshukuru nani. Hakucheka. Alichukua tochi, akaniambia nipanue mdomo na niinue ulimi, mtu mzima mimi, mbele ya mke wangu.

Kaa salama huko, Mama. Ukiona nimekuuliza mengi, ni kwa sababu ulijibu machache, na nyumba hii sasa ina mtoto ambaye siku moja ataniuliza mimi.

Muuguzi aliangalia kwa muda, akazima tochi. Uzi wangu upo, haujawahi kukatwa na mtu yeyote.

Mimi,
mwanao wa kwanza