Ardhi ya Ukoo Imehamia Bolivia

Bi Shadya, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Mgeta, naomba unisaidie kabla sijampoteza mke kwa ajili ya nchi ambayo sijawahi kufika na wala sina ndugu huko, na tafadhali jina langu usilitoe.

Nina miaka thelathini na nne, mke wangu anaitwa Semeni, na kazi yangu ni kuuza waifai kwa vocha, nimesimamisha mlingoti nyuma ya nyumba na juu yake nimefunga mtambo unaorusha intaneti, wakulima wananunua vocha ili wajue soko la kabichi Dar likoje kabla lori halijapakia, na kazi ilikuwa nzuri isipokuwa kwa kaya kama arobaini zilizoko ng'ambo ya bonde, huko mawimbi yalikuwa yanafika yamechoka, mtu akipiga simu ya video anaonekana pua tu. Nikaufungua mtambo nikashuka nao mjini kwa fundi mmoja wa Mafiga anaitwa Oscar, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, mtambo wako mzima, shida yake ni kwamba unajua uko Bongo," akafungua programu yake, pale pa kuchagua nchi akaitoa Tanzania akaweka Bolivia, na papo hapo nguvu ya kurusha ikapanda na chaneli ambazo sijawahi kuziona zikajitokeza, nikamuuliza kama inaruhusiwa, akasema nani atapanda Mgeta kuja kuangalia.

Nilipoufunga tena, ng'ambo ya bonde wakaanza kuona sura nzima, wakanishukuru sana, kasoro ikawa moja tu, kwamba ule ukurasa unaofunguka mtu akiingiza vocha ukaanza kuandika "Nchi: Bolivia" na saa yake ikarudi nyuma kwa saa saba, nami nikaona si neno, nani anasoma vitu hivyo.

Anayesoma ni mjomba wa mke wangu, Mzee Kibwana, ambaye alikuwa katibu wa chama cha ushirika kwa miaka mingi na husoma mfuko wa mbolea mpaka yale maandishi ya chini kabisa. Na hapa lazima nikueleze, sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, mimi naishi kwenye ardhi ya akina Semeni, na mlingoti ule niliusimamisha kwa ruhusa ya mjomba mbele ya kikao cha ukoo, kwa hiyo alipovaa miwani akasoma Bolivia, alikuja akanikuta naosha karoti, akaniuliza taratibu, "Mkwe, hii ardhi ya ukoo umeihamisha nchi lini, na kikao kilikaa wapi?"

Nikamweleza kwamba ni setingi tu, akasema hata hati ya shamba ni karatasi tu. Kesho yake kikao kikakaa, na Bi Shadya sikudanganyi, watu wazima walijadili Bolivia kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, mmoja akauliza mwezi wa Ramadhani tutaufuata wa nchi gani, Paskalia anayelima njegere akauliza kama mzigo wake sasa utahesabiwa umetoka nje, na mimi niliyedhani watacheka nikaona katibu wa kikao anaandika. Halafu Bibi Mwanvita, bibi yake Semeni, ambaye ana miaka themanini na mitano na kifua kinamsumbua, akasema yeye hatazikwa ugenini, akaomba apelekwe kwa mdogo wake ng'ambo ya bonde, ambako kwa hesabu za mjomba bado ni Tanzania, akabebwa kwa machela, Semeni akaenda kumuuguza, na mlangoni akaniambia, "Nyumbani kukirudi, na mimi nitarudi."

Sasa ni wiki ya sita. Huko aliko simu za kawaida hazishiki, kinachoniunganisha naye ni hayo mawimbi ya Bolivia, kila jioni namwona sura nzima, namwona akisonga ugali na Bibi akikohoa nyuma yake, nikirudisha Tanzania nitaona pua au nisione kitu, na zile kaya arobaini zitanikimbia, nikibaki na Bolivia mke harudi. Jambo jingine dogo, kuna kipimo cha mvua juu ya mto kinachotuma taarifa kwa redio ili watu wa chini waambiwe maji yakijaa, nacho kimenyamaza tangu wiki ileile niliyoweka Bolivia, wengine wanasema ni mimi lakini naona ni wivu. Je, nimfuate mjomba nimwombe radhi, nimwache Semeni apoe mwenyewe, au nimwambie Oscar anitafutie nchi nyingine ambayo wazee wataikubali? Nampenda mke wangu, Bi Shadya, na nyumba imekuwa kimya mno.

Mwenye mlingoti, Mgeta

*Bi Shadya anajibu:*

Marahaba. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sidhani kama Mgeta kuna mwanamume mwingine aliyefuga Bolivia uani.

Pole kwa upweke, na pole hiyo ni ya Semeni peke yake. Mengine umejitakia.

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye kipimo cha mvua, hapo nikaacha. Umekiweka mwishoni kabisa ukakiita jambo dogo. Sikiliza. Kila nchi inagawa masafa yake kwa mpango wake, huyu hapa, yule pale, na kila mmoja anapewa kiasi cha nguvu asimfunike mwenzake. Programu ya mtambo inapokuuliza uko nchi gani haikuulizi kwa umbea, inataka kujua ifuate sheria za nani. Wewe umeidanganya na yenyewe ikakuamini, ikakufungulia chaneli ambazo hukuwahi kuziona, na hukuwahi kuziona kwa sababu hapa kwetu si zako. Siwezi kuapa nikiwa hapa mjini kwamba ni wewe uliyekinyamazisha kile kipimo. Ila masika yanakuja, kuna watoto wanalala kandokando ya mto ule huko chini, na wewe hutaki hata kuzima mtambo kwa saa moja uone kama kitasema.

Sasa Mzee Kibwana. Umemwandika kama kichekesho, lakini katika barua nzima ni yeye peke yake aliyeuliza swali la maana: ruhusa umeipata wapi? Mlingoti uliuombea ruhusa kikaoni. Hewa ukaiombea kwa Oscar. Na hapana, usitafute nchi nyingine. Hilo swali lako nimemsomea mume wangu, na yeye amekuonea huruma kuliko mimi.

Fanya hivi, tena leo. Zima mtambo. Ukiuwasha, rudisha Tanzania, weka programu mpya ya mtengenezaji, rekebisha na hiyo saa, kisha uache chaneli na nguvu zile utakazopewa. Ukatoe taarifa kwa wenye kipimo cha mvua kwamba ulikuwa unarusha hivi na hivi, wakikufokea nyamaza. Halafu nenda kwa mamlaka ya mawasiliano uulize kuuza intaneti kunahitaji leseni gani, maana umeniandikia habari za kabichi na karoti lakini leseni sikuiona.

Zile kaya arobaini hutazipoteza. Kabichi za Mgeta haziruki bonde, watu hupokezana mabegani. Weka mtambo mdogo wa pili kwenye kilima cha katikati, upokee na kupasia kwa nguvu halali. Kile kilima nacho kina ukoo wake, kwa hiyo utaenda kuomba, na utaenda na mjomba, kwa sababu wewe peke yako hawatakuamini tena.

Siku ya kurudisha Tanzania mwite mzee, mpe kiti, avae miwani yake, na kile kitufe akibonyeze mwenyewe. Ardhi ni ya kwao.

Limebaki la Semeni. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipovuka bonde kwa miguu ukamwona mkeo. Sikupaona. Wiki sita unamtazama kwenye kioo cha simu, kwa mtambo uleule unaomzuia kurudi, na bibi yake anakohoa nyuma yake nawe hujampelekea hata asali. Mjomba akishabonyeza, usihangaike kupiga picha ule ukurasa wa vocha umtumie. Kwa nguvu ya Tanzania hiyo picha haitafika. Chukua machela, vuka, ukamwambie kwa mdomo wako, na wakati wa kurudi Bibi umbebe wewe, upande wa mbele.