Jiwe la Kusagia la Makumbusho

Kasese, Jumanne, 1977

Na leo tena nimepangusa unga kwenye meza ya maonyesho! Mama Masika wa sokoni aliingia na kikapu cha muhogo mkavu, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kusagia.

"Mwalimu, mashine ya unga imefunga, dizeli hakuna. Hii jiwe inakaa bure?"

Nikamwonyesha kadi niliyoiandika mwenyewe: Vitu vya zamani, usiguse. Akacheka, akapiga magoti, akaanza kusaga. Wenzake wakapanga foleni.

Ijumaa afande, yule mwanajeshi anayetawala wilaya, anakuja kufungua maonyesho. Akiikuta foleni ile, sijui nitamwambia nini.

Nyumbani nimekuta mke wangu amepika bundu, ule ugali wetu wa muhogo. Nikamuuliza unga ameupata wapi.

"Si huko kazini kwako?"